Manyoya ya Kanga

Paukwa!

Pakawa.

Hapo kale, upande wa kaskazini wa mto mpana uliosongwa na mafunjo, wanyama walikuwa na jeshi, na vyeo vya jeshi lile vilijulikana kwa manyoya. Unyoya wa kanga ulikuwa wa wadogo. Unyoya wa mbuni ulikuwa wa wakubwa. Wanyama hawakuitunga sheria hiyo. Ililetwa na wageni waliopiga kambi kilimani, wakawafundisha wenyeji kwenda kwa safu na kugeuka kwa amri, na katika kambi ile aliyevaa mbuni alikuwa mgeni peke yake. Mnyama wa pale, hata apigane misimu kumi na mitano, hata arudi na ncha ya mkuki ubavuni, mwisho wake ulikuwa kanga. Aliyezeeka katika utii alifungiwa unyoya wa kanga uliopakwa chokaa, ili kwa mbali ufanane na wa mbuni.

Waliosikia habari za Keya kwa babu zao wanajua ninazungumzia nini. Keya, yaani jeshi la Mwingereza la King's African Rifles (KAR), liliwapeleka Waafrika kupigana Madagascar na Burma, lakini ofisa alikuwa Mzungu. Katika miaka ya 1950 Waingereza wakabuni cheo cha effendi, juu ya sajini na chini ya luteni mdogo kabisa wa Kizungu. Hiyo ndiyo chokaa ninayoisema. Uganda ilipata maofisa wake wawili wa kwanza wenye kamisheni mwaka 1961, na uhuru ukaja 1962. Mmoja wa wale wawili aliitwa Idi Amin.

Turudi mtoni. Wageni walipoona msimu wao umekwisha, walifunga mizigo, na usiku wa mwisho wakagawa manyoya ya mbuni kwa haraka, kama mtu anayehama nyumba na kuwaachia majirani vyungu. Mmoja wa waliopata alikuwa Nyati. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza kupanga chakula cha kikosi kwa siku kumi, au kama anajua kusoma nyayo za jana na za leo. Walimpenda kwa mabega yake, kwa ngumi zake, na kwa kuwa alicheka walipotaka acheke. Nafasi za juu zilikuwa tupu na hakuna aliyeandaliwa kuzijaza, basi Nyati akapanda kwa misimu michache ngazi ambayo mgeni aliipanda kwa miaka ishirini. Kwa hilo nawalaumu wageni, na lawama hiyo siiondoi. Waliozuia cheo kwa miaka sitini, kisha wakakitupa kwa usiku mmoja, hawawezi kushangaa kilipoangukia.

Mzee wa nchi aliposafiri ng'ambo ya bahari kwenda barazani, Nyati akaketi kwenye kiti chake. Ndivyo ilivyokuwa Kampala tarehe 25 Januari 1971, Amin alipompindua Rais Obote akiwa Singapore.

Mtu aliyekipata kiti kwa njia ile haogopi adui wa nje kwanza. Huwaogopa wenzake wa kambini, kwa sababu wanaijua njia aliyopitia. Nyati akalitazama jeshi lake, akawaona Tandala, Tohe na Swala, wazee wa doria, waliojua kuongoza kundi gizani bila kukanyaga kijiti. Akawaita usiku, mmoja mmoja, eti wahesabiwe. Asubuhi safu ya mbele ilikuwa na mapengo. Hapa siwezi kuendelea kusimulia kana kwamba ni wanyama tu. Mwaka 1971, katika kambi za Jinja na Mbarara, wanajeshi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa na wenzao wa sare moja. Miongoni mwao walikuwamo waliojua kazi ya vita kuliko waliobaki. Jeshi lililofanya hivyo lilijikata mkono miaka saba kabla ya kuuhitaji.

Mapengo yalipaswa kujazwa, na hapo ndipo ugawaji wa manyoya ulipoanza.

Kima alikuwa mshika mwavuli. Siku moja Nyati alihutubia tangu asubuhi hadi alasiri, jua likiwa utosini, na mwavuli haukutetereka. "Mkono imara huo," akasema Nyati. "Mpeni manyoya matatu ya mbuni." Fisi alikuwa mlinda lango, alijua nani ameingia kwa nani usiku, basi akapewa kikosi kizima ili akae na siri hizo akiwa ameshiba. Kunguru alikuwa mpiga mbiu, na hakuna aliyejua kulitaja jina la Nyati kwa mapambo mengi kama yeye. Kicheche alikuwa shemeji. Kila unyoya ulikuja na mgao wake wa chumvi, wa asali, na kibanda cha mtu mwingine. Jeshi lenyewe halikuongezeka. Wakubwa ndio walioongezeka, hata ikawa kikosi cha wadogo kumi kina wakubwa wanne, na wadogo ndio wanaowapikia. Uganda ya miaka ile ilikuwa na ndege zilizotoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zimejaa pombe kali na vitu vya anasa vya kugawiwa wanajeshi. Wananchi walipanga foleni ya sukari na chumvi.

Mbuni aliyekuwapo alichunwa akaisha. Wakamgeukia Kanga. Walimchuna mgongo, kisha shingo, kisha mabawa, wakapaka chokaa, wakagawa. Kanga alikuwa akipita kijijini akitetemeka, ngozi yake ikiwa na vipele kama ya mtoto aliyelowa mvua, na kila aliyemwona aliangalia pembeni. Walioangalia pembeni siwacheki, kwa maana kusema kulikuwa na bei yake.

Nyati mwenyewe alijipachika manyoya kila mwaka. Yalipojaa kifuani akayapandisha shingoni, yalipojaa shingoni akayafikisha kwenye pembe, mpaka yakamwangukia machoni. Akawa anaona mistari ya mwanga tu, na aliyesimama karibu naye ndiye aliyemweleza kilichoko mbele. Mwaka 1975 Amin alijipa cheo cha jemadari mkuu, kilicho juu ya jenerali. Hakukuwa na ofisi nchini mwake iliyoweza kumpandisha zaidi ya hapo.

Kisha vita ikaja, na aliyeileta ni Nyati.

Aliamuru jeshi livuke mto kwenda kusini. Walivuka mchana, maji yakiwa haba, wakachoma mashamba, wakafukuza ng'ombe, wakatangaza kwamba ardhi yote waliyoikanyaga sasa ni yao. Upande wa kusini walikuwa wameambiwa mara mbili kwamba Nyati anakusanya kwato mpakani, na mleta habari akaambiwa akapumzike. Kosa hilo lilikuwa la kusini, na nalitaja kwa kuwa hekaya inayomsafisha jirani mmoja kabisa haifai kuaminiwa. Wanakijiji wa Kagera ndio waliolilipia kosa la namna hiyo mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipoingia, daraja la Kyaka likavunjwa, na eneo la kilomita za mraba 1,800 hivi likatangazwa kuwa la Uganda.

Zikapita wiki. Kusini wakajipanga, wakalisukuma jeshi la Nyati likarudi ng'ambo. Nyati, aliyekuwa akisimuliwa ushindi kila asubuhi, akaamuru wavuke tena. Safari hii ikawa usiku.

Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, na mto ulikuwa umepanda kimya kimya bila povu wala kelele. Mkubwa wa kikosi cha kivuko alikuwa ameitwa kwenda kujieleza na hakurudi. Nyati alipoulizwa nani ashike nafasi yake, aliwatazama waliokuwa karibu, na aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa mshika mwavuli. Kima akafika mtoni saa nne za usiku, amebebwa, manyoya tisa kifuani. Aliwakuta Kuro vijana arobaini, pembe zao bado fupi, wengine wakiwa na siku mbili bila kula. Hakuuliza walikula lini. Hakuuliza jina la yeyote.

"Tutavukia hapo," akasema, akionyesha mahali palipong'aa kwa mwezi.

Nguchiro alikuwa amekaa pembeni ya moto pamoja na wale vijana. Alikuwa akila nao tangu walipoletwa, na ndiye aliyewaonyesha mizizi inayolika. Akasimama.

"Afande, naomba kusema."

"Sema."

"Pale panang'aa kwa sababu mafunjo hayashiki mizizi. Chini hakuna sakafu, ni tope tupu. Kivuko kiko penye mtini ule, hatua mia mbili. Mama yangu alinipitisha pale tangu nikiwa mchanga."

Kima akamtazama kifuani. "Una manyoya mangapi?"

"Sina hata moja, afande."

Wasimuliaji wengine hapa humfanya Kima mjinga. Sikubaliani nao. Kima aliyatazama maji, akautazama mtini, na nadhani alijua kwamba Nguchiro anasema kweli. Lakini alimjua na Kunguru, aliyekuwa juu ya tawi. Akibadili njia kwa neno la mtu asiye na unyoya, kabla ya jua kuchomoza Kunguru atakuwa amefika kwa Nyati, na Nyati atauliza kama manyoya tisa huongozwa na nguchiro. Cheo chake hakikutokana na kujua mto, basi kujua mto kwa mwingine kulikuwa tishio kwake. Aliyepewa nafasi kwa sababu anastahili anaweza kusema, "Sikulijua hilo, nionyeshe." Aliyepewa kwa sababu ya ukaribu hana ruhusa ya kutojua. Ubaya wote wa vyeo vya upendeleo umekaa hapo. Uvivu na ulafi ni mambo madogo ukilinganisha na kukosa ruhusa ya kusikiliza.

"Mimi ninayo tisa," akasema Kima. "Safu, mbele!"

Wa kwanza aliingia mpaka magotini, wa pili mpaka kifuani. Wa tatu alipozama, wa nne hakurudi, kwa kuwa hakuna aliyeamuru kurudi. Mwenye kuamuru alikuwa amepanda mti. Nguchiro akakimbilia kwenye mtini, akaingia majini mpaka shingoni, akaanza kuwaita kwa majina. Aliyajua yote. Waliosikia sauti inayowajua waligeuka wakaifuata gizani. Waliotoka walikuwa kumi na mmoja.

Kunguru akafika kwa Nyati kabla ya alfajiri. "Mtukufu," akasema, "vijana wako wamelishika bonde, wako katikati ya mto na hawasogei." Nyati akafurahi. Kima akaongezewa unyoya wa kumi. Kunguru mwenyewe, kwa kuleta habari upesi, akapewa kikosi cha kivuko cha pili.

Sasa tuvuke na sisi, twende kusini.

Kusini nako walikuwa na hadithi yao ya manyoya, na haikuwa ya fahari. Miaka kumi na minne kabla ya vita, wageni wakiwa bado ndio wakubwa wa kambi ingawa nchi ilikwisha kuwa huru, Nyumbu vijana waligoma, wakazingira nyumba za wakubwa, wakadai ujira na wakubwa wa nyumbani. Tunajua yalivyokuwa katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wanajeshi walipoasi Januari 20, 1964. Baraza la kusini lilipata aibu ya kuomba msaada kwa wageni walewale ili kuwatuliza Nyumbu. Baada ya hapo halikugawa manyoya kwa haraka kuziba aibu. Lililivunja kundi lote, likaanza upya na vijana wengine. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilizaliwa Septemba 1, 1964, kutokana na mavunjiko hayo. Kwa hiyo vita ilipofika, kulikuwa na wakubwa waliolala chini na wadogo wao kwa miaka mingi.

Lakini vita ilikuwa kubwa kuliko jeshi. Digidigi wakaitwa kutoka vijijini, wameacha majembe, wengine hawajawahi kusikia mshindo. Usiku mmoja, katika barabara iliyopita kati ya ziwa na kinamasi, radi za Nyati na za rafiki zake wa jangwani zikawaangukia. Digidigi wakatawanyika. Msiwalaumu, mtu wa jembe aliyepewa mkuki juzi hawezi kujua kwamba radi inayovuma juu imekwisha kumpita.

Mkubwa wa safu yao akaanguka mapema, na aliyemfuata akaanguka. Vita ina utaratibu wake wa kupandisha vyeo, na hausubiri karatasi: aliye hai na anayesikilizwa ndiye mkubwa, kuanzia dakika ile. Koplo hushika platuni, sajini hushika kombania, na barua ya uteuzi hufika baada ya majuma, pengine ikiwa na jina la marehemu. Usiku ule aliyesikilizwa alikuwa Pofu, mwenye unyoya mmoja wa kanga. Hakupiga kelele. Alitembea gizani akiita, "Wewe wa mama Nyabise, kaa hapa. Wewe uliyenipa muhogo jana, njoo upande wa kushoto." Alfajiri alikuwa na safu.

Yeye peke yake asingetosha. Kifaru mzee, ambaye zamani alibeba mizigo katika kambi ileile ya wageni alikokuwa Nyati, alikuwa amepewa uongozi wa jeshi lililokuwa mbele vita ikiwa inaendelea. Baraza lilimwondoa aliyemtangulia bila kumdhalilisha, likampa kazi nyingine. Hilo ni jambo gumu kuliko linavyosikika, maana kiongozi anayeogopa huwaacha mahali pao wasiofaa kwa heshima, au huwaondoa kwa kuwamaliza. Kifaru akatuma kundi la pili lizunguke kinamasi usiku kucha. Asubuhi radi za Nyati zilijikuta katikati.

Mahali penyewe panaitwa Lukaya, Machi 10 na 11, 1979. Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo wasiozoea vita, ilitawanyika usiku mbele ya wanajeshi wa Libya na wa Amin. Brigedi ya 208 ikazunguka na kushambulia kulipopambazuka. Kamanda wa Divisheni ya 20 alikuwa David Musuguri, aliyeingia Keya mwaka 1942 na kufundishwa vita na jeshi lilelile lililomfundisha Amin. Alikabidhiwa divisheni ile na cheo cha meja jenerali vita ikiendelea. Mwezi mmoja baada ya Lukaya, Aprili 11, Kampala ilikuwa imeanguka.

Unyoya mpya wa Pofu ulifika siku nne baada ya usiku ule wa radi, umelowa, umebebwa na njiwa. Hakuuvaa. Aliufunga kwenye jani akautia chini ya ulimi, kwa sababu kule mbele tai huchagua kifua chenye manyoya. Maofisa wa kweli wakiwa vitani hufanya hivyo: huvua nyota begani na huwakataza wadogo kuwapigia saluti. Ukimwona ofisa anayezing'arisha nyota zake wakati wa vita, jua yuko mbali na risasi.

Jeshi la Nyati lilipovunjika, wakubwa ndio waliotangulia kukimbia. Kila mmoja alijichuna njiani ili asitambulikane, na barabara ya kaskazini ikawa nyeupe kwa manyoya maili baada ya maili. Kima alivuka mpaka akiwa kima wa kawaida. Kunguru hakuhitaji hata kutembea. Kanga akatoka vichakani, akapita barabarani akiyaokota, akagundua kwamba unyoya uliong'olewa haurudi kwenye ngozi. Ilimbidi asubiri yaote mapya.

Na kusini? Ngoma zilipigwa. Pofu alithibitishwa, Kifaru akawekwa juu ya majeshi yote, kama Musuguri alivyofanywa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980. Haki yao. Lakini Digidigi wengi walirudi kwenye majembe bila hata unyoya wa kanga, na miongoni mwao walikuwamo walioongoza wenzao usiku ule bila kuandikwa popote, kwa kuwa wa kuandika alikuwa amekufa. Mgambo walioitwa katika vita vya Kagera walikuwa makumi ya maelfu. Nimekaa na watu wa rika lile, na wanapozungumza hawadai vyeo. Wanauliza kama kuna mtu aliyeandika kwamba walikuwapo.

Mama zao wale Kuro walikuja mtoni maji yalipopungua. Walisimama ukingoni, wakamtafuta mkubwa aliyewaongoza watoto wao ili awape majina ya waliobaki humo. Hakukuwa na mkubwa. Nguchiro akatoka kwenye mtini, akaketi mbele yao, akayataja majina ishirini na tisa, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina akanyamaza mpaka mama mwenye mtoto aitike.

Wanajeshi wa Tanzania waliokufa katika vita ile wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Ukifika huko, simama, uulize majina.